Sanda Isiyo ya Pamba

Mwezi ule kuta za Guangzhou zilikuwa zinatoka jasho. Kila mwaka, baridi inapoaga na kabla joto halijashika, unyevu hupanda kutoka sakafuni, vioo hulia machozi, na nguo uliyoianika Jumatatu unaivaa Ijumaa ikiwa bado mbichi. Nilikuwa nimepanga chumba ghorofa ya sita, karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu. Asubuhi nilipofungua dirisha sikuona barabara. Niliisikia tu, honi na kengele za baiskeli zikipita chini ndani ya ukungu, na kwa dakika kadhaa sikuwa na hakika kama nimeshaamka.

Nilikuwa mfanyabiashara wa nguo. Nilikuja mara mbili kwa mwaka, nikanunua blauzi na sketi kule Zhanxi, jirani na stesheni ya treni, nikazipeleka Dar es Salaam. Lakini safari ile nilikuwa na kazi nyingine. Nilikuwa natafuta sanda ya mama yangu.

Mama alikuwa hai. Alikuwa Lindi, miguu imevimba, moyo umechoka, na daktari alikuwa ameanza kuzungumza na sisi watoto badala ya kuzungumza naye. Siku niliyokwenda kumuaga alinishika mkono akanivuta mpaka sikio langu likafika mdomoni kwake.

"Nikifa, pamba isiniguse," alisema. "Ndugu zako watanifunga kwa bafta kama watu wote. Wewe ndiye unayejua nguo. Nakuachia wewe."

Nilisema sawa mama, kama mtu anayeagizwa chumvi dukani. Ndani ya ndege ndipo nilipoelewa nimekubali nini. Nchi nzima inazikwa kwa bafta, na bafta ni pamba. Sikuwahi kuona sanda nyingine.

Mama alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma, kwenye nyanda za juu za Mueda, enzi za Mreno. Huko kila msichana aliyevunja ungo alipimiwa kwa kamba shamba lake la pamba. Kampuni ilileta mbegu, kampuni ikanunua mavuno kwa bei iliyoitaka yenyewe, na kati ya mbegu na mavuno alisimama msimamizi na kibao. Kilikuwa kibao cha mviringo chenye mpini na matundu matundu. Mkono ukipigwa, nyama inavutwa kwenye matundu. Mama alituonyesha viganja vyake tulipokuwa wadogo, nasi tukavitafuta vile vialama kwa vidole, hatukuviona, tukadhani anatutania.

Msimu mmoja wanawake wa kijijini kwao walikubaliana kuzichemsha mbegu. Walizichemsha kwenye vyungu vya ugali, wakazianika zikakauka, kisha wakaenda kuzipanda kwenye mistari iliyonyooka, wakapalilia, wakaimba. Hakuna kilichoota. Msimamizi alipokuja, walimsukuma mbele mama, kwa kuwa alikuwa na miaka kama kumi na minne na uso wa mtu asiyejua kitu. Akamtazama yule mzungu machoni akasema ardhi hii imeikataa mbegu, bwana. Mkalimani akatafsiri. Mzungu akainama, akachukua udongo, akaunusa, akaandika kwenye daftari lake.

Hadithi hii alipenda kutusimulia, na tulicheka mpaka tukashika matumbo. Sehemu ya pili aliisimulia mara moja tu. Msimu uliofuata msimamizi aliwasimamia wakipanda mbegu mbichi, akarudi kila wiki, na mhogo haukupata mtu wa kuulima. Njaa iliingia. Mdogo wake mama, mtoto wa mgongoni, alikufa huku ghala la kampuni limejaa mpaka mlangoni. Alifungwa kwenye kipande cha pamba ya kampuni kwa sababu nyumba nzima haikuwa na kitambaa kingine.

Baadaye mama na baba walivuka mto, wakafika kwenye mashamba ya mkonge ya upande wa Lindi, na huko ndiko tulikozaliwa. Wenyeji walituita Wamawia, yaani watu wa ng'ambo ya mto, na hawakulitamka jina hilo kwa wema. Na juu ya hilo, mama hakuvaa kanga. Hebu fikiria mwanamke wa Lindi asiye na kanga hata moja. Msibani wenzake wamejitanda, yeye kaja na gauni la krimplini katikati ya jua la Desemba, jasho linamtiririka. Walimwita Mama Tetroni, kwa vile vitambaa vyake vya kiwandani visivyo na pamba. Alilalia godoro la sufi, si la pamba. Zahanati alikataa kidonda chake kisisafishwe kwa pamba, muuguzi akamfokea mbele ya foleni nzima. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nimemshika mkono, na nilitamani ardhi inimeze. Nilimwonea mama yangu haya. Nalisema hili leo kwa kuwa yeye hayupo tena kulisikia, na najua alilijua.

Basi kule Guangzhou nikawa natembea na kiberiti. Ndivyo sisi wa nguo tunavyokijua kitambaa. Unachomoa uzi mmoja, unauwasha, unaunusa. Pamba inanuka karatasi na kuacha jivu laini. Nailoni na tetroni zinayeyuka, zinajikunja na kuwa kishanga kigumu. Hariri inanuka nywele zilizoungua, na ukiisugua kati ya vidole inakuwa vumbi. Wenye maduka walikuwa hawapendi. "Laobani," niliwaambia, ndivyo tunavyowaita wenye maduka wote, "uzi mmoja tu." Wengine walinisukumia mlango. Mmoja aliniapia kwa vidole vitatu kwamba kitambaa chake ni hariri tupu, nikauwasha uzi, ukawa kishanga. Nilimrushia kishanga chake mezani nikatoka. Nilikuwa na hasira za karibu siku zile.

Tetroni ningeipata popote, tena kwa bei ya bure. Lakini mama alikuwa ametokwa jasho ndani ya tetroni miaka arobaini. Sikutaka azikwe akiwa anasikia joto.

Chumbani nilikaa na dada mmoja wa Msumbiji, mnunuzi wa viatu, mzaliwa wa Pemba. Simaanishi kisiwa chetu. Hii ni Pemba yao, ya pwani ya kaskazini, ambako watu huzungumza Kimwani, na Kimwani na Kiswahili husikilizana bila shida. Alikuwa mcheshi, mpana, mwenye sauti inayotangulia mwili wake kupanda ngazi. Nilimpenda. Tatizo lilikuwa Kireno chake. Alikiongea na Waangola mgahawani, alikiongea usingizini, aliwahesabia viatu wauzaji kwa Kireno huku akijua hawaelewi.

"Wewe wetu," aliniambia. "Mama wa Mueda, baba wa Mueda. Nikufundishe dada. Tuanze na asante."

"Asante ninayo tayari."

"Ya Kireno."

"Mama yangu akiisikia redioni anainamisha kichwa. Hiyo ni lugha ya kibao. Usiniletee."

Alikaa kitandani akavua kiatu. Hakukasirika. "Baba yangu mimi alikufa porini, kwenye vita ya kuwafukuza," alisema. "Walivyoondoka waliacha nyumba, matrekta wameyavunja, na lugha. Nyumba tukakaa. Lugha tuitupe kwa nini? Tuliiteka, dada, kama bunduki."

"Bunduki humwachii mtoto urithi."

"Kwetu tunaacha. Iko mpaka kwenye bendera."

Nikazima taa mchana kweupe, nikajifunika. Nje ukungu ulikuwa umekuja mpaka dirishani. Nililala usingizi wa mchana, ule mzito unaokuacha na ulimi mkavu, na nikaona shamba jeupe lisilo na mwisho, na wanawake wanalipita bila kuligusa, nguo zao zinametameta. Nilipoamka yeye alikuwa amenifunika blanketi lake juu ya langu.

Ulikuwa mwaka ambao Makao, mji ulio saa chache tu kwa basi kutoka pale, ulikuwa unajiandaa kurudi kwa Wachina, baada ya Mreno kuushika kwa karne nne na zaidi. Kwenye mgahawa wetu wa Huanshi Zhonglu televisheni ilikuwa juu ya friji, na siku moja ilionyesha jengo lenye nguzo nyeupe na bendera ya Mreno mlingotini. Rafiki yangu aliacha kutafuna.

"Hii ndiyo ya mwisho," alisema. "Ikikunjwa hii, wanarudi kwao wote. Sisi tunabaki na maneno yao mdomoni. Sijui nicheke ama nilie."

Mimi nilijua. Nilicheka. Niliongeza na wali.

Siku mbili baadaye tuliipata hariri. Tulikuwa tumezunguka Zhanqian tangu asubuhi, mtaa mwingine wa karibu na stesheni, kwenye majengo ya nguo za jumla, mikokoteni inatukanyaga visigino, na tukapotea uchochoroni kwa sababu ya ukungu. Kulikuwa na ngazi nyembamba na taa ya njano juu yake. Tulipanda ili kupumzisha miguu tu. Juu kulikuwa na chumba kimoja, mashine ya kushona, maboksi ya vifungo, majora ya bitana, na mama mmoja wa Kichina wa miaka sitini na kitu anakunywa maji ya moto. Kwenye rafu ya juu kabisa palikuwa na jora jeupe lililofunikwa karatasi.

Nilionyesha kwa kidole. Alilishusha, akalifungua juu ya meza, na kabla sijatoa kiberiti changu akatoa chake. Alichomoa uzi mwenyewe, akauwasha, akanisogezea. Nywele. Harufu ile ya mama yangu anapochoma nywele zilizobaki kwenye kitana ili ndege wasizichukue. Nikatafuta pa kukaa.

"Uzuri huu," rafiki yangu alijisemea kwa Kireno, akikipapasa kitambaa.

Yule mama akamjibu kwa Kireno.

Nilirudi nyuma hatua nzima. Ndani ya ukungu wa Guangzhou, juu ya ngazi zisizo na jina, lugha ya kibao ilikuwa inatoka kwenye kinywa cha bibi wa Kichina, kwa upole, kama mtu anayemwita paka. Rafiki yangu alipiga makofi kwa furaha. Wakaanza. Waliongea muda mrefu, nami nikawa nimeshika pembe ya kitambaa, nakasirika, na hariri inateleza mkononi.

Nilimwambia anitafsirie, na akanitafsiria. Yule mama alikuwa mtumishi wa ndani Makao kwa miaka ishirini, nyumbani kwa afisa wa Kireno. Alifua, alipika, alilea watoto wao wawili ambao waliondoka bila kuandika barua. Lugha alijifunza jikoni. Kabla ya hapo alikuwa msichana wa kijiji cha delta, kusini ya Guangzhou, kijiji cha miforosadi na mabwawa ya samaki, na kazi yao ilikuwa kulisha viwavi wa hariri.

"Hii anaijua toka kwenye jani," rafiki yangu alisema. "Walikuwa wanapewa kipimo. Majani ya asubuhi, majani ya mchana. Kisha vile vifuko vya viwavi unaviweka kwenye maji yanayochemka, unatafuta ncha ya uzi kwa vidole. Msimu wa uzi ngozi ilikuwa inatoka."

Yule mama alifungua viganja vyake chini ya taa. Vilikuwa laini na vinang'aa, havina mistari.

"Muulize kama alipenda," nilisema.

Rafiki yangu aliuliza. Yule mama alicheka kidogo akajibu neno moja au mawili.

"Anasema hajawahi kuulizwa."

Nilijua papo hapo nilichokishika. Ilikuwa pamba ya mtu mwingine. Na nilikuwa nimezunguka wiki tatu, ndege yangu ilikuwa ya keshokutwa, na mama alikuwa anangoja. Nilipima kwa urefu wa mama yangu, nikaongeza kidogo, yule mama akakunja pindo pande zote nne kwa mashine, akakifunga kwenye karatasi. Tulishuka ngazi. Rafiki yangu aliongea njia nzima, na mimi sikusikia hata neno.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikuwa nimepatana na mama kwamba akitoka misani atakaa kwenye duka la jirani lenye simu. Lindi ilikuwa asubuhi, Guangzhou ilikuwa mchana. Kibanda cha simu kilikuwa kinatoka jasho kama kila kitu, na sauti ya mama ilikuja kwa mbali, na nyuma yake nikasikia kuku.

"Nimeipata, mama. Hariri. Nyeupe."

"Hariri," alirudia. "Hiyo inalimwa wapi?"

"Hailimwi. Wadudu wanaitema wenyewe."

"Wadudu wanakula nini?"

"Majani tu."

"Nani anayachuma?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Kuku walikuwa wanasikika vizuri kabisa. "Hakuna anayechuma, mama," nilisema. "Miti inaota yenyewe, wadudu wanapanda, wanakula, wanatema. Ndivyo walivyo."

Nilidhani laini imekatika.

"Sauti hiyo naijua," mama alisema. "Ndiyo niliyomwambia nayo Mreno kwamba ardhi imeikataa mbegu."

Nilianza kulia. Sikujali mwenye kibanda ananitazama. Nikamwambia yote, vile viganja, maji yanayochemka, kipimo cha majani. Nikamwambia nitaitupa, nitamtafutia kitu kingine, tetroni, chochote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akakohoa, na nikagundua kwamba anacheka.

"Unanitafutia nguo iliyoshuka mbinguni? Ilete. Lakini urudi kwa huyo mwenzangu. Mwambie nimemsalimu. Mwambie na mimi nililima."

Simu ikakatika kweli.

Nilimkuta rafiki yangu anafunga mizigo ya viatu. Nikamwomba anisindikize. Alinitazama macho yangu mekundu, akaacha kamba palepale, na hakuuliza mpaka tulipofika mtaani. Tulizitafuta zile ngazi karibu saa nzima. Ulikuwa ukungu uleule, na mara mbili tulipanda ngazi zisizo zenyewe, tukatokea kwa watu wanaocheza karata. Nilianza kudhani tulipaota. Kisha nikaiona ile taa ya njano.

Yule mama alipoona nimerudi na karatasi yangu alidhani nimekuja kurudisha kitambaa, akakunja uso. Nikamwambia rafiki yangu, mwambie kila kitu, usipunguze. Nikaanza kusimulia kwa Kiswahili, yeye akinifuata kwa Kireno. Kamba ya kupimia. Mbegu kwenye vyungu vya ugali. Msichana aliyesukumwa mbele. Na kwa mara ya kwanza maishani niliisikia hadithi ya mama kwa lugha ya waliompiga, na haikuungua mdomoni. Rafiki yangu aliitamka taratibu, akichagua. Tulipofika kwa mtoto wa mgongoni, yeye ndiye aliyekwama. Aligeuka akatazama maboksi ya vifungo, akajifuta pua kwa ukingo wa leso yake, kisha akaimalizia.

"Na salamu," nilimkumbusha. "Mwambie na yeye alilima."

Alimwambia.

Yule mama alinyoosha mkono, nikampa kitambaa. Alikifungua mezani, akaupitisha ule mkono wake usio na mistari kwenye pindo, upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Akasimama. Alichukua mkasi mdogo akachomoa uzi wa pindo, ule alioshonea mwenyewe kwa mashine, akautazama, akatoa kiberiti akauwasha.

Ulinuka karatasi.

Miaka yote ile ya kuchoma nyuzi za watu, na sikuwahi kufikiria uzi wa kushonea. Nilikuwa nimechoma kitambaa nikaridhika. Ningemfunga mama yangu kwa hariri iliyozungushiwa pamba pande zote nne, na ningejisifu juu ya kaburi lake.

Yule mama alivuta kiti. Alifumua pindo lote, akazikusanya zile nyuzi za pamba ndani ya kikombe. Kisha alichomoa nyuzi ndefu kutoka kwenye jora lake mwenyewe, akazisokota mbili mbili kwa vidole, akatia kwenye sindano, akaanza kushona kwa mkono. Hakutumia mashine. Rafiki yangu alimshikia kitambaa upande mmoja, mimi upande wa pili, tukiwa tumekaa kwenye maboksi. Hakuna aliyesema neno kwa lugha yoyote. Ukungu uliingia dirishani, taa ikawa na duara, mikokoteni ilisikika mbali chini, na sindano ilikwenda na kurudi. Nadhani nilisinzia kidogo, nimekishika vilevile. Mama aliishi miaka miwili mingine baada ya siku ile, na tulipomvika nilipitisha kidole kwenye lile pindo kama alivyofanya yule mama, pande zote nne.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno. Nilikuwa nimeshaanza kukunja, akanizuia mkono. Akachukua kipande cha uzi kilichobaki kwenye sindano, akakiwasha, akakileta karibu na uso wangu, akangoja mpaka nikanusa.

Kilinuka nywele.